Maneno Mawili Yaliyoongezwa Ukutani

Kila ninapofundisha riwaya za kifumbo hapa Dodoma, wanafunzi huanza kwa kusaka majina: nguruwe huyu ni nani, yule ni nani? Kwa Shamba la Wanyama ya George Orwell, iliyotoka London Agosti 1945, majibu yapo. Nguruwe mtawala, Napoleon, ni Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti. Mpinzani wake, Snowball, ni Trotsky, aliyefukuzwa nchini mwake 1929 na kuuawa Mexico 1940. Wachapishaji kadhaa waliikataa kwa kuwa Wasovieti walikuwa washirika wa Uingereza vitani; mmoja alihofia nguruwe wangewaudhi. Fortunatus Kawegere akaitafsiri 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, kwa wasomaji waliolelewa na ngano za sungura na fisi, wanaojua kwamba mnyama akisema, anasemwa mtu.

Lakini kiini cha riwaya kiko ukutani, zilipoandikwa amri saba za wanyama baada ya kumfukuza mwenye shamba. Moja inakataza mnyama kulala kitandani. Juzi niliiandika ubaoni, na wanafunzi walipokwenda kunywa chai nikaongeza maneno mawili: “chenye shuka”. Waliporudi, wengi walinakili tu. Binti mmoja wa nyuma alifunua daftari lake akasema, “Mwalimu, shuka haikuwepo.”

Clover, yule farasi jike, hakuwa na daftari, wala kusoma hakujui vizuri. Nguruwe walipoanza kulala vitandani, alikumbuka amri vingine, akamwomba mbuzi Muriel amsomee. Akasikia shuka imo. Kwa kuwa imeandikwa, akaamini ilikuwemo tangu mwanzo.

Naona hapo ndipo Orwell anapoushika udikteta shingoni: haukuishia kumchapa mtu, uliingia hadi kwenye kumbukumbu zake. Na hakubuni. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, aliuawa 1940. Katika picha waliyopigwa pamoja kando ya mfereji wa Moscow akafutwa, mahali pake yakabaki maji.

Baadaye Squealer, msemaji wa Napoleon, anaanguka usiku chini ya ukuta uleule: ngazi imevunjika vipande viwili, pembeni taa, brashi na kopo la rangi nyeupe lililomwagika. Wanyama wanatazama, hawaelewi. Punda Benjamin, anayesoma sawasawa na nguruwe yeyote, anatikisa kichwa kama aliyeelewa, anabaki kimya.

“Punda aliona,” akasema kijana mmoja, “mbona hakusema?” Kipindi chote kilichobaki tulikaa kwa punda huyo.