Kichwa kinamgonga? Msimlaze, mkalisheni

Hapa Kigoma, aliyewahi kuanguka mchikichini akavunjika uti wa mgongo, sasa yuko nyumbani, akianza kutoka jasho usoni na kichwa kumgonga, nyumbani husema: malaria hiyo, mlazeni. (Malaria ipo, sikatai, ipimwe baadaye.) Ikiwa aliumia shingoni au sehemu ya juu ya mgongo, huenda presha imepanda ghafla, na kumlaza huizidisha. Mkalisheni wima, miguu ining'inie, mlegezeeni nguo. Kisha tazameni mpira wa mkojo: pengine umejikunja chini ya paja, kibofu kimejaa pomoni. Choo kilichokwama nacho huichokoza presha hiyo. Wala namba ya juu ya 140 kwenye mashine ya presha isiwatulize. Kawaida ya mgonjwa huyu huweza kuwa 95 tu. Isiposhuka, kimbilieni hospitali, maana mshipa wa ubongo unaweza kupasuka.