Si kweli kwamba mtoto anayeonewa shuleni hukomaa akiachwa apambane mwenyewe

Ujumbe unaosambazwa mara kwa mara katika makundi ya wazazi unadai kwamba mtoto wa miaka 10 au 11 anayeonewa shuleni aambiwe arudishe kipigo, na kwamba mzazi anayekwenda kumwona mwalimu anamdekeza. Dai hilo si sahihi. Anayeonea kwa kawaida huwa na nguvu au wenzake wengi zaidi, hivyo kupigana huweza kumuumiza mtoto na hata kumfanya aadhibiwe yeye. Soma kanuni za shule yake uone kama zinamtofautisha aliyeanza na aliyejibu.

Wengi huchanganyikiwa kwa kuwa mtoto aliyekemewa nyumbani huacha kulalamika, na ukimya huo, ambao mara nyingi ni woga tu, huonekana kuwa ukomavu, ilhali hela yake ya mapumziko bado inanyang'anywa na tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi.

Msikilize bila kumkatiza, andika tarehe, mahali na kilichotokea, kisha mwone mwalimu wa darasa. Tanzania na Kenya zina pia namba 116, ya bure, ya kusaidia watoto. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.