Popo wa Kasanka wanakwenda wapi? Setilaiti inachojua na isichokijua

Kila mwaka, mvua zinapoanza mwezi wa Oktoba, mamilioni ya popo wa matunda hukusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu wenye majimaji katika Hifadhi ya Kasanka, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga. Hula matunda ya porini, hukaa mpaka Desemba, kisha hutoweka. Wanakwenda wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa "kaskazini", yaani huku kwetu Kongo, na basi. Popo hapiti kituo cha mpakani cha Kasumbalesa akagongewa muhuri.

Mwanga ulianza kuonekana pale watafiti walipowafunga popo wanne vifaa vya kurusha mawimbi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: popo hao waliingia Kongo kweli, na mmoja wao alisafiri zaidi ya kilomita 2,500 ukijumlisha njia yake yote. Huyo ni mnyama asiyefika nusu kilo.

Ninaposimulia habari hii hapa Lubumbashi, watu husema setilaiti "ilimwona" popo. Haikumwona. Chukua kwanza GPS, ile iliyo kwenye simu yako. Setilaiti zake ziko juu kiasi cha kilomita 20,200 na hazina habari na popo, wala na wewe. Kazi yao ni kutangaza tu: mimi ni fulani, niko mahali fulani, saa yangu inasema hivi. Kifaa kilicho mgongoni mwa mnyama husikiliza, hupima tangazo limechukua muda gani njiani, kisha hugeuza muda huo kuwa umbali, kwa kuwa mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300. Setilaiti hubeba saa za atomu, popo hawezi. Ndiyo sababu kifaa hutafuta setilaiti nne: tatu zingetosha kupata mahali, ya nne ni ya kusahihisha saa yake ya bei rahisi.

Wale popo wa kwanza walibeba mfumo mwingine, Argos, unaofanya kazi kinyume. Huko kifaa ndicho kinachotangaza na setilaiti ndiyo inayosikiliza ikipita. Mawimbi hubadilika setilaiti inapokaribia na inapokwenda mbali, kama honi ya lori la shaba inavyobadilika likikupita kwenye barabara ya Likasi, na kutokana na badiliko hilo mahali hukadiriwa. Siku nzuri kosa ni mita mia chache, siku mbaya ni kilomita kadhaa. Utajua popo yuko Kongo au Zambia, lakini hutajua amelala juu ya mti gani.

Kwa nini basi asifungwe kila popo kifaa bora? Uzito. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mzigo usizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, na siku hizi wengine wanashikilia asilimia 3. Tembo wa Hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, anabeba kola ya kilo kadhaa, yenye betri kubwa, bila shida. Popo wa gramu 300 ana nafasi ya gramu 15 tu, kila kitu humo: betri, antena, paneli ndogo ya jua na gundi.

Kazi yenyewe hufanyika alfajiri, popo wanaporudi kulala. Nyavu nyembamba huinuliwa kwa kamba hadi juu kwenye matawi. Anayenaswa hutiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, maana gizani hutulia, na hupimwa humo humo kwa mizani ya kuning'iniza, kisha uzito wa mfuko hutolewa. Akiwa mwepesi mno huachiwa aende zake. Tayari hapo kuna upendeleo: tunaowafuatilia ni wakubwa na wenye nguvu. Wachanga na wadhaifu hawamo kwenye ramani zetu.

Kisha kuna suala la chakula cha betri. Kila mara kifaa kinapoamka kutafuta setilaiti kinakula umeme, na chini ya muhulu, ule msitu mzito usiopukutisha majani, kinatafuta kwa muda mrefu zaidi. Mtafiti analazimika kupanga ratiba. Tuseme amekiagiza kiamke saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi tu. Jedwali litamletea mistari miwili: jioni, kambini (pale popo wanapolala); asubuhi, kambini. Kwenye ramani popo huyo hakutoka. Kumbe usiku kucha ameruka makumi ya kilomita, akala, akaangusha mbegu huku na huko, akarudi. Ndiyo maana ramani zenye mistari mizuri ya rangi hunitia shaka mpaka nijue kifaa kiliamshwa mara ngapi. Mstari huchorwa na kompyuta kati ya nukta mbili. Mnyama hakuahidi kuufuata.

Hata hivyo, nukta chache hizo zinatugusa moja kwa moja. Popo hawa hupanda miti kwa kubeba mbegu mbali na mti mama, na njia yao katika Kongo inapita kwenye mapori yasiyo na ulinzi wowote, yale yale yanayokatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, ya miji yetu. Zambia inaweza kulinda Kasanka kwa miezi mitatu. Miezi mingine iko mikononi mwa nchi nyingine, ikiwemo yetu.

Vifaa vingine hutuma nukta kupitia mtandao wa simu, na porini mtandao haupo. Vingine huzihifadhi vikisubiri mnyama arudi karibu na kipokezi. Kwa hiyo ukiokota kidubwasha chenye antena nyembamba, au ukikikuta kwenye popo au ndege aliyekufa, usikifungue wala kukitupa. Andika mahali, tarehe na namba yoyote iliyochapwa juu yake, kisha kipeleke kwa walinzi wa ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi. Huenda safari nzima ya mnyama huyo bado imo ndani, haijasomwa na mtu.