Kamera ndogo kwa kazi ya sinema: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaotaka kutengeneza filamu bila pesa za studio hufika mahali pamoja: wanatafuta picha ya kamera kubwa ya sinema kutoka kwenye kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), ile inayoenea kwenye begi la mgongoni. Inawezekana, na nimekuwa nikifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Lakini maneno mengi yanayozunguka kuhusu jambo hili yanawamalizia watu pesa, tena kwenye vitu visivyo vya msingi.

"Ukiwa na 4K tayari una sinema"

Kauli hii, kwamba picha yenye pikseli 4,000 hivi kwa upana inatosha, imeuza kamera nyingi sana. Basi itazame ARRI Alexa iliyotoka mwaka 2010. Kamera hiyo na ndugu zake wa mwanzo hawakufikia 4K halisi, na bado ndizo zilizopiga sehemu kubwa ya filamu za kumbi kubwa katika muongo ule. Wapiga picha walizipenda kwa namna zinavyobeba mwanga: wingu jeupe nyuma ya kichwa cha mwigizaji linabaki na umbo lake, na ngozi haigeuki plastiki.

Kwenye karatasi ya sifa za kamera, mimi huanza na biti, yaani kipimo cha wingi wa ngazi za rangi ambazo kamera inarekodi. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila moja ya rangi tatu. Biti 10 ni ngazi 1,024, na biti 12 ni 4,096. Tofauti hii huonekana ukishuti kwa log, ile picha inayotoka imepauka ili uipe rangi baadaye. Wakati wa kuhariri unazivuta ngazi hizo zitengane, na zikiwa chache, anga la jioni linakatika michirizi michirizi badala ya kufifia taratibu. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 tayari ilikuwa ikirekodi biti 10 za 4:2:2 (kiwango kinachohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida) ndani kwa ndani, bila kuhitaji rekoda ya nje. Kamera ya zamani kama hiyo, iliyotumika lakini ikatunzwa, ningeichagua mbele ya kamera mpya inayojisifia pikseli na kuishia biti 8.

"Bila full frame hupati mwonekano wa filamu"

Kwa miongo mingi filamu zilipigwa kwenye fremu ya ukubwa uitwao Super 35, wenye upana wa takriban milimita 25. Kihisi, yaani kipande cha kamera kinachopokea picha, cha ukubwa wa APS-C ulio kwenye kamera ndogo nyingi, kina milimita 23 na nusu hivi. Full frame, milimita 36 kwa 24, imetoka kwenye picha za mnato. Kwa hiyo anayeidharau APS-C anaudharau ukubwa uliokaribiana kabisa na ule wa sinema yenyewe. Tena ukiwa peke yako bila mtu wa kukushikia fokasi, full frame kwenye f/1.4, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, itakutesa: jicho la karibu liko wazi, la pili limeshapotea, na mwigizaji akipumua tu umemkosa.

"Nunua lenzi za sinema kwanza"

Hapa kamera hizi zina bahati ambayo watu hawaijui. Kwa kuwa kioo kimeondolewa, umbali kati ya mlango wa lenzi na kihisi umekuwa mfupi sana: milimita 18 kwa Sony E, 16 kwa Nikon Z. Lenzi za Canon EF zinahitaji 44, na zile za PL za kamera za sinema zinahitaji 52. Nafasi inayobaki inajazwa na pete ya chuma yenye hewa tupu ndani. Ndiyo maana lenzi za miaka iliyopita zinafunga kwenye kamera hizi bila taabu. Helios 44 ya milimita 58, iliyotengenezwa kwa wingi mno Umoja wa Kisovieti, inazungusha majani ya nyuma kama kimbunga kidogo kumzunguka mtu aliyesimama katikati. Pete yake ya fokasi inazunguka kwa mkono na inasimama pale pale ulipoiacha, wakati lenzi nyingi mpya zinapitisha fokasi kwa umeme na alama uliyoweka haiaminiki.

Lenzi za sinema zina thamani yake: seti nzima ina umbo moja, zina meno ya gia ya kuzungushia fokasi, na fremu haipanuki unapobadilisha fokasi. Hayo yanamsaidia mwenye msaidizi wa kamera. Aliye peke yake atafika mbali kwa pete ya gia ya kuvalisha juu ya lenzi aliyo nayo.

"Kamera ikishapatikana, vingine ni mapambo"

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu nimeona watu wenye vipaji wakimaliza akiba yote kwenye kamera. Ukiilaza kamera ya sinema mezani kando ya ndogo, utaona kwamba sehemu kubwa ya tofauti iko nje ya kihisi: vichujio vya ND (vioo vyeusi vya kupunguza mwanga) vimejengwa ndani, matundu ya sauti ni ya XLR (yale ya maikrofoni za kitaalamu), waya wa picha unajifunga usichomoke, na umeme unatosha kazi ya saa nyingi. Kamera ndogo yote hayo imekuachia wewe.

Chukua ND peke yake. Ni saa saba mchana, jua ni kali. Unashuti fremu 25 kwa sekunde, hivyo shata, muda ambao kila fremu inapokea mwanga, inatakiwa iwe 1/50 ya sekunde ili mwendo uonekane wa kawaida machoni. Log yako inataka ISO 800 (kiwango cha wepesi wa kamera kupokea mwanga). Bila kichujio utaifunga lenzi hadi f/16 na bado shata itapanda hadi 1/800; mtu akikimbia, miguu yake inarukaruka kama picha za katuni. Ukitaka 1/50 na f/2.8, unapaswa kupunguza mwanga kwa hatua 9, kila hatua ikiupunguza kwa nusu. Hakuna kuhariri kutakakorudisha mwendo ulioharibika. Vile vichujio vya kuzungusha ni vioo viwili vya kuchuja mwelekeo wa mwanga (polarizer), na ukivisukuma hadi mwisho vinachora msalaba mweusi katikati ya picha. Nunua vya kipenyo kikubwa, kwa mfano milimita 82, kisha tumia pete za kupunguza kwa lenzi zako ndogo.

Keji, fremu ya chuma inayoizunguka kamera, nayo watu huidhania ni ya kuifanya kamera ionekane kubwa. Niliwahi kushuti mahojiano bila keji. Mtu akapita, mguu ukavuta waya wa monita, na tundu la HDMI ndogo likalegea moja kwa moja. Picha kwenye monita ilikuwa inakuja na kupotea hadi siku niliyoiuza kamera ile. Kibano cha waya, kipande kidogo cha chuma chenye skrubu moja, kingeiokoa.

Kuhusu umeme na hifadhi: Blackmagic Pocket 4K inatumia betri ya LP-E6 ya Canon na kuimaliza ndani ya takriban saa moja, kwa hiyo betri kubwa ya nje, ya aina ya V-mount, ni lazima. Ile ya saa-wati 99 imepimwa hivyo ili isivuke kikomo cha 100 cha mizigo ya mkononi kwenye ndege. Na ukirekodi kwa megabiti 400 kwa sekunde, saa moja inakula GB 180. Nakala mbili ni GB 360.

"Filamu kubwa imepigwa kwa Sony FX3, kwa hiyo tofauti imekwisha"

Ni kweli, The Creator ya Gareth Edwards, iliyotoka mwaka 2023, ilipigwa kwa FX3, kamera ndogo isiyo na kioo. Hata Netflix iliikubali Panasonic S1H, nayo kamera ndogo, kwa filamu zake tangu 2019. Lakini filamu ile ilikuwa na wapiga picha wabobezi, taa, lenzi zilizochaguliwa kwa makini na athari za picha za gharama kubwa. Ilichothibitisha ni kwamba kihisi kinatosha.

Tofauti nyingine ipo, na inaonekana. Kihisi cha kamera nyingi za bei nafuu kinasoma picha mstari kwa mstari, na nyingine huchukua zaidi ya milisekunde 20 kumaliza fremu moja. Geuza kamera haraka mbele ya jengo: nguzo zinainama zote upande mmoja. Kwa hiyo geuza polepole, na usiikimbize lenzi ndefu mkononi.

Kikomo cha kurekodi dakika 30, kilichokuwa kwenye kamera nyingi ndogo, hakikuwa udhaifu wa mitambo. Kilitokana na ushuru wa Umoja wa Ulaya kwa kamera za video, na kamera nyingi mpya hazinacho. Joto ndilo la kuogopa. Kabla ya siku ya kazi, funga kila kitu kama utakavyokitumia, weka kamera kwenye chumba chenye joto, irekodi kwa ubora ule ule hadi kadi ijae, halafu andika kwenye daftari dakika ambayo kamera ilijizima.