Je, wajua? Bakteria wa tope la mikoko wanaweza kusafisha maji ya mgodi

Shuka hori la Tudor, Mombasa, maji yakishakupwa, ingia hatua chache ndani ya mikoko. Tope la juu ni la kahawia. Lichimbue kidogo kwa kidole: chini ni jeusi tii, na linanuka yai viza. Wengi wetu huulaumu mji. Ni kweli majitaka yanaingia kwenye hori na kuzidisha hali, lakini weusi ule na harufu ile vingekuwepo hata kama Mombasa isingejengwa. Ni kazi ya bakteria wanaoishi pasipo hewa, na jamaa zao hutumiwa kusafisha maji yenye sumu ndani ya migodi iliyoachwa.

Wanafanyaje? Badala ya kupumua oksijeni kama sisi, wao hutumia salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, ambayo bahari inayo tele, huku wakila masalio ya majani yaliyooza. Kinachobaki ni salfaidi, yaani salfa iliyopokonywa oksijeni hiyo. Sehemu yake hupanda hewani, ndiyo ile harufu. Nyingine hukutana na chuma ndani ya tope na kushikamana nacho, ikawa unga mweusi usioyeyuka majini.

Sasa tuje mgodini. Miamba mingi yenye shaba, zinki au dhahabu ina pairiti pia, yaani chuma kilichoungana na salfa. Ikiwa imefukiwa haina neno. Ikishachimbwa ikapata hewa na maji, huzaa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo huyeyusha shaba, zinki na kadimiamu kutoka kwenye mwamba. Mgodi wa Berkeley Pit, mjini Butte, jimbo la Montana, Marekani, pampu zake zilizimwa 1982 na shimo likaanza kujaa. Mwaka 1995 mabata bukini zaidi ya 300 walitua kwenye maji hayo wakafa.

Dawa iliyozoeleka ni kuyavuta maji juu na kuyatia chokaa. Inafanya kazi, ila pampu haziruhusiwi kupumzika, na tope la sumu linalobaki lazima litafutiwe pa kutupwa. Ndipo likaja wazo la kuwapelekea bakteria chakula hukohuko chini. Katika mgodi wa Lilly/Orphan Boy, karibu na Elliston, Montana, jaribio lilianza 1994: samadi ya ng'ombe na vitu vingine vya mimea viliteremshwa ndani ya shimo lililofurika maji. Bakteria wakala, salfaidi ikatoka, na metali zikaanza kugeuka unga na kutuama. Huko Gilt Edge, South Dakota, mwaka 2001 ziwa la shimo la Anchor Hill lilitiwa chokaa kwanza, kwa sababu asidi kali huwalemaza bakteria wenyewe, kisha molasi na methanoli (aina ya alkoholi) kama chakula chao.

Kwa nini njia hii ijaribiwe kidogo kwanza, kabla ya kutegemewa kwa mgodi mzima? Hapa ndipo mimi ningewahimiza wahandisi wasiharakishe. Maji yakipita kwa kasi, bakteria hawapati muda wa kumaliza kazi. Baridi huwapunguzia nguvu. Chakula kikiisha, nao husimama, na oksijeni ikipenya tena, ule unga unaweza kuyeyuka na kurudisha sumu majini. Manganizi, metali nyingine ya migodini, ni mkaidi, hainaswi kirahisi na salfaidi. Zaidi ya yote, gesi ile ya yai viza inaua: ikiwa nyingi hupumbaza pua, mtu akadhani imekwisha kumbe bado anaivuta. Ndani ya shimo la mgodi hakuna upepo wa kuipeperusha kama ule wa baharini.

Hapa kwetu, mtu akikumbuka sumu ya metali ya risasi katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambayo mahakama iliitolea hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, atauliza kama njia hii ingefaa. Kwa udongo wa uani, hapana: una hewa, na bakteria hawa hawafanyi kazi penye hewa. Mahali pao ni majini, gizani, palipofungika.