Shoka la babu si sufuria la kusugua

Wiki hii tena, mzee mmoja, papa wa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, ameniletea shoka la heshima la Wasongye, kabila la Kongo, lile la bamba lenye matundu na vichwa vidogo vya watu vilivyofuliwa katika chuma, mpini umevishwa bati la shaba. Alilipitishia msasa wa mashini "lirudi jipya". Liling'aa kweli, lakini nyuso nne hazikuwa tena na pua. Akaniuliza kama naweza kuzirudisha. Zingekuwa pua zangu, papa, si za yule mfua vyuma.

Kusafisha si kung'arisha! Nimeshasema hadi koo limekauka. Ule weusi mnaouchukia si uchafu, ni ngozi ya chuma: tabaka gumu lililojijenga kwa miaka, na linapunguza kasi ya kutu mpya. Ukilikwangua, alama za nyundo zinakwenda nalo. Kutu mbaya ni ile ya rangi ya machungwa. Pangusa kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka safi, ondoa mkono wako hapo. Kikitoka na unga wa machungwa, chuma kinaliwa: dondoshea mafuta mepesi ya mashini ya kushona, acha mpaka kesho, kisha kwangua hiyo kutu ya machungwa tu, polepole, kwa kibanzi cha mwanzi, maana mwanzi hauchubui chuma. Rudia hata siku kumi. Haraka ya nini?

Wengine wananiambia: "Ndimu na chumvi zinatosha." Zinatosha kuharibu. Asidi ya ndimu inakula kutu pamoja na chuma kisicho na kutu, inajificha kwenye nyufa, na chumvi inavuta unyevu. Kwa shoka lenye shaba ni vibaya zaidi: chuma na shaba zikigusana penye maji, chuma ndicho kinacholiwa upesi. Kwa hiyo usililoweke, hata kwenye maji matupu.

Kupaka mafuta ya mawese nayo? Yananata, yanachacha, yanashika vumbi. Tumia mafuta yaleyale ya mashini, kidogo tu, halafu pangusa mpaka uone kama hukupaka kitu.

Na kama ulicho nacho ni kisu cha babu, kisilale ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi inatunza unyevu, hasa mvua za Novemba zikianza hapa Lubumbashi, na tanini iliyomo, ile dawa ya kutengenezea ngozi, inakula chuma. Ala iweke upande wake, kisu upande wake, kimefungwa kwa kitambaa cha pamba kikavu, na ukifungue kila mwezi ukitazame.

Makali yaache yalivyo. Usinoe.