Kuhama kampuni ya umeme Uingereza: haki zako na pale mambo yanapokwama

Aliyezoea nchi yenye shirika moja la umeme, TANESCO au Kenya Power, akihamia Uingereza hukuta utaratibu mgeni kwake: waya ni uleule, mita ni ileile, lakini kampuni ya kukutoza unaichagua mwenyewe na kuiacha ukitaka. Siku ya kuhama umeme haukatiki, wala kwa kawaida haji fundi. Kinachobadilika ni nani anakuandikia bili. Ndiyo maana migogoro mingi ya kuhama huwa ni ya kumbukumbu: nambari ya mita, usomaji wa siku hiyo, tarehe. Kanuni zinamlinda mteja vizuri, lakini mwenye namba mkononi ndiye anayezifaidi. Ninayoandika hapa ni ya England, Scotland na Wales, zilizo chini ya mdhibiti Ofgem. Ireland ya Kaskazini ina mdhibiti wake.

Kwanza bei. Usilinganishe makato ya benki ya kila mwezi, kwa sababu hayo ni makadirio tu, na kampuni inaweza kuyashusha leo ili ikuvutie kisha ikayapandisha baada ya miezi michache. Linganisha vitu viwili: bei ya uniti na ada ya kila siku, ile unayolipa hata usipowasha taa. Chukua mfano. Kampuni moja inatoza pensi 25 kwa uniti na pensi 60 kwa siku. Nyingine pensi 27 kwa uniti na pensi 40 kwa siku. Mtu wa fleti anayetumia uniti 1,500 kwa mwaka atalipa pauni 594 kwa ya kwanza na pauni 551 kwa ya pili, ingawa ya pili ina uniti ghali zaidi. Familia ya uniti 4,000 italipa 1,219 na 1,226, yaani hesabu imegeuka. Matumizi yako ya mwaka yameandikwa kwenye bili. Yatumie hayo, si makisio ya tovuti. Na kile kikomo cha bei cha Ofgem, kilichoanza Januari 2019, kinabana bei ya uniti na ada ya siku tu. Hakibani jumla ya bili. Watu wengi wanaamini kuna kiwango ambacho bili haiwezi kukivuka, na imani hiyo inawaumiza kila baridi ikiingia.

Ukishakubali mkataba una siku 14 za kughairi bila faini. Ila kama umeshahamishwa ndani ya siku hizo, umeme uliotumia utaulipia. Ukiwa kwenye mkataba wa bei isiyobadilika, angalia tarehe ya mwisho: ndani ya siku 49 za mwisho kampuni yako hairuhusiwi kukutoza faini ya kuondoka. Ukiondoka zikiwa zimebaki siku 50 wanaweza kukutoza. Ukisubiri kesho yake, hawawezi. Kampuni inawajibika kukutumia taarifa kati ya siku 49 na 42 kabla ya mkataba kuisha, na barua hiyo ndiyo kengele yako ya kuanza kutafuta.

Tangu Julai 2022 kuhama kunatakiwa kukamilike ndani ya siku 5 za kazi. Kabla hujabonyeza kitufe chochote, toa bili utafute nambari inayoitwa MPAN, ya njia ya umeme inayoingia nyumbani kwako. Hiyo ndiyo inayokutambulisha, si jina lako wala anwani yako. Kwenye majengo ya fleti makosa ni mengi: mita ya namba 2 imeandikishwa kwa namba 12, au jengo liligawanywa vyumba na kumbukumbu hazikurekebishwa. Nenda mpaka kwenye mita yenyewe, soma nambari ya mita iliyochongwa au kubandikwa juu yake, uilinganishe na nambari ya mita iliyo kwenye bili (si MPAN). Zikitofautiana, usihame kwanza. Ukihama utamhamisha jirani yako akiwa amelala. Nawe ukihamishwa kimakosa na kampuni usiyoijua, piga simu kwa hiyo au kwa kampuni yako ya zamani, yoyote kati ya hizo mbili. Utakayoipigia inatakiwa ilishughulikie, isikutupe kwa mwenzake.

Sasa usomaji, jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Siku ya kuhama piga picha ya mita, nambari ya mita na tarakimu zikionekana pamoja. Soma kutoka kushoto kwenda kulia, uache tarakimu nyekundu na zilizo baada ya nukta. Mita ya Economy 7, mpango wa bei mbili, ina usomaji mara mbili, mmoja wa saa saba za usiku zenye bei nafuu na mwingine wa mchana. Kampuni mpya ikibadilishana nafasi za usomaji huo, nguo ulizofua saa tisa usiku utazilipia kwa bei ya mchana, na bili itaonekana safi kabisa. Kujua upi ni upi, soma asubuhi baada ya kuamka, soma tena jioni: uliosogea ndio wa mchana. Iandikie kampuni mpya hivyohivyo, usiwaachie wakisie.

Bili mbili zikifika, zilinganishe. Tarakimu ya kufungia kwa kampuni ya zamani lazima iwe ileile ya kufungulia kwa mpya. Ikitofautiana, ama unalipa uniti zilezile mara mbili ama kuna uniti zitakazokurudia baadaye. Bili ya nyuma nayo ina mpaka: kampuni ikikosea yenyewe haiwezi kukudai umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 iliyopita.

Bili ya mwisho itoke ndani ya wiki 6, na salio lako lirudishwe ndani ya siku 10 za kazi baada ya bili hiyo. Wakichelewa, fidia ni pauni 40 kwa kila kosa, nayo inatakiwa ije yenyewe bila kuombwa. Makato ya benki usiyafute mpaka hesabu ifungwe. Ukiyafuta mapema, deni dogo la mwisho linageuka malimbikizo na salio linakosa njia ya kurudi.

Mwenye mita ya kulipia kabla, mtindo wa LUKU, anaweza kuhama hata akiwa na deni lisilozidi pauni 500. Deni linahama naye. Baada ya tarehe ya kuhama usinunue umeme kwa ufunguo wa zamani, ule wa kuwekea pesa kwenye mita, maana pesa itakwenda kwa kampuni uliyoiacha. Kwa mita ya kawaida, deni lililopita siku 28 linaipa kampuni yako haki ya kukuzuia, isipokuwa deni limetokana na kosa lao. Mpangaji anayelipa bili mwenyewe ana haki ya kuhama. Soma tu mkataba wa nyumba, kwani wengine hutakiwa wamjulishe mwenye nyumba.

Kampuni yenyewe ikifilisika, kama zilivyofanya karibu 30 kati ya 2021 na 2022, usikimbilie kuhama. Piga picha ya mita, subiri kampuni itakayoteuliwa na Ofgem ikutafute. Salio la mteja wa nyumbani linalindwa.

Malalamiko yaanze kwa kampuni, kwa maandishi. Zikipita wiki 8 bila suluhisho, au wakikuandikia kwamba wamefikia mwisho, peleka kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, bure. Ambatanisha picha, MPAN na tarehe. Ukiukubali uamuzi wake, kampuni inalazimika kuutekeleza. Usipoukubali, bado unaweza kwenda mahakamani.